Ploti iko kando ya haiwei Mtwapa na wanataka niweke geti moja tu: nipigane ama nikubali?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kasarani, nimelifupisha kidogo: "Nina ploti mbele kidogo ya Mtwapa ukielekea Kikambala, upande wa bahari, imepakana na barabara kuu ya Malindi kwa mita 50 hivi. Nataka kujenga supamaketi ndogo na maduka chini, juu vyumba vya kukodisha. Akitekti amechora geti mbili, ya kuingia na ya kutoka, zote zinafungukia lami moja kwa moja. Nimeambiwa eti geti iwe moja, kuingia na kutoka ni kushoto tu, na niongee na jirani tushee. Ploti ni yangu na taitoli ninayo. Mtu akitoka Mombasa na hawezi kukata kulia aingie kwangu, wateja watatoka wapi? Nipigane ama wananizungusha tu?"

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe ndio hii ingine usome ukiwa umetulia. Kubali geti moja, kubali kushoto tu, na jirani ongea naye mapema kabla hajaanza kujenga. Usimpe wakili pesa juu ya hiyo geti ya pili. Nguvu zako ziweke kwa vitu ambavyo naona hakuna mtu amekutajia: urefu wa njia kutoka lami mpaka kwa askari, mahali gari zitageuzia, mahali watu wa miguu watavukia, na kama kuna barabara nyuma ya ploti. Hayo ndiyo yataamua kama hiyo supamaketi itauza ama itakaa ikipanguswa vumbi tu.

Maneno ya taitoli kwanza, maana hayo nayasikia karibu kila wiki. Taitoli yako inaishia kwa bikoni, yale mawe ya mpaka ya mpimaji. Kutoka bikoni mpaka ukingo wa lami hapo katikati ni hifadhi ya barabara, na hata kama ni wewe hufyeka nyasi na umepanda minazi mitatu, hapo si kwako. Sheria ya barabara ya 2007 iligawa kazi, KeNHA wakapewa barabara kuu za kitaifa, KURA za mijini, KeRRA za mashambani, na hiyo ya Mombasa kwenda Malindi iko kwa KeNHA. So kaunti ya Kilifi inaweza kukupitishia mchoro wa jengo vizuri kabisa chini ya ile sheria ya upangaji ardhi ya 2019, NEMA nao wakaridhika na mambo ya mazingira, na bado huna ruhusa ya kugusa lami, hiyo lazima uandikiwe na mwenye barabara. Watu hufanya ya kwanza wanasahau ya mwisho, wanajenga mpaka slabu ya pili, halafu asubuhi moja wanakuta X nyekundu kwa ukuta wanaanza kupiga simu. Mimi si wakili, lakini kwa hii kazi yangu sijawahi kuona mtu amenyimwa kabisa njia ya kufika kwa ploti yake. Haki ya kufika barabarani unayo. Kuchagua ufikie wapi na kwa mageti mangapi, hapo ndipo wanakuja kuongea na wewe.

Sasa kwa nini hao wa barabara wanakazia hivyo, na kwa nini huko Pwani wanakazia kuliko hata hapa kwetu? Angalia mji wenyewe. Wewe ukiamka ukute Thika Road imefungwa unaingia Kiambu Road, ama unashika Outering, ama unajipenyeza Mwiki huko ndani na utatokea tu mahali. Mtwapa hakuna hiyo. Huku bahari, huku mkono wa bahari, katikati barabara moja. Mtu akitoka kisiwani anavuka daraja la Nyali, anapita Kongowea, Bamburi, Shanzu, anavuka daraja la Mtwapa ndio aingie mjini, na njia ingine ya lami ya kufika Kilifi ni azunguke Mariakani, Kaloleni, atokee Mavueni, na hiyo hakuna mtu ataizunguka juu ya unga na sukari. Kwa hivyo hiyo lami moja inabeba basi la Malindi, lori la simiti, matatu, tuktuk, mkokoteni wa madafu, wageni wa Desemba na watoto wa shule, wote kwa pamoja.

Barabara ya namna hiyo inafanya kazi mbili ambazo hazielewani. Inapitisha watu wa mbali, hao wanataka mwendo, na inaingiza watu kwa maduka na manyumba ya hapo hapo, hao wanataka kupunguza, kusimama, kukata kona. Kila geti mpya inaondoa kidogo kwa kazi ya kwanza inaongeza kwa ya pili. Moja haionekani. Hata tano. Lakini ploti zikishakatwakatwa, ekari tano zikawa ploti ishirini na kila moja na geti yake, barabara kuu inageuka kuwa uwanja wa maegesho wa mji, ajali zinaanza, wananchi wanaandamana wanachoma matairi, na dawa inayoletwa haraka ni matuta. Ukiona mji wa barabarani una matuta kila ukipumua, mara nyingi kuna mtu hakusema hapana kwa mageti miaka mingi nyuma.

Mfano mzuri unao mlangoni kwako. Kabla Kibaki afungue Thika Road mpya mwaka wa 2012, hapo Kasarani palikuwa na raundabauti, Githurai ingine, Muthaiga ingine, Pangani ingine, na katikati ya hizo raundabauti petroli stesheni na hadiwea zilikuwa zinafungukia barabara ile ile ya mabasi ya Thika. Foleni ya Githurai wenye umri wanaikumbuka. Watu husifu zile leni nyingi, na ni sawa, lakini kilichobadilisha mambo zaidi kwa macho yangu ni kwamba maduka yalitengwa na mkondo wa kati yakapewa sevis leni, ile barabara ndogo ya pembeni. Leo hakuna duka la Roysambu linalofungukia leni ya kati, lazima utoke kwa haiwei kwanza, upoze mwendo, ndio utafute unakoenda. Na je biashara za Roysambu zilikufa? Pita hapo Jumamosi jioni ujionee mwenyewe. Mtwapa mahali pengi hakuna nafasi ya kuweka sevis leni kila upande, so unaambiwa ushee geti na jirani. Ni dawa ile ile kwa kijiko kidogo.

Twende kwa hesabu kidogo maana naona akitekti wako hajakuonyesha. Chora geti ya kawaida kwa barabara ya njia mbili, ile ambayo gari inaweza kuingia na kutoka kwenda upande wowote, halafu chora mstari wa kila gari inayoweza kupita hapo. Utapata sehemu 9 ambapo mistari inagusana, 3 za kukatana, 3 za kuungana na 3 za kuachana. Sasa ifanye kushoto tu. Zinabaki 2, moja gari ikiiacha barabara na moja ikirudi barabarani, na zile za kukatana, ambazo ndizo gari inapigwa ubavuni na watu wanakufa, zote zimeisha. Chukua penseli tu uhesabu, huhitaji kuniamini. Kwa taarifa yako njia panda ya barabara nne ina sehemu 32 na raundabauti ya leni moja ina 8.

Akitekti atakuambia lakini geti zangu moja ni ya kuingia tu na ingine ya kutoka tu, kwa hivyo jumla ni zile zile 2. Kwa karatasi ako sawa kabisa. Kwa Kenya hii, bango la usiingie hapa litaheshimiwa na nani? Siku ya kwanza nduthi ataingilia ya kutoka, siku ya pili tuktuk, wiki ikiisha hata wewe mwenyewe utaingilia hapo kwa sababu ndio karibu na ofisi. Na mita 50 ni kidogo sana, gari ikiwa spidi 80 inazimaliza kwa sekunde 2 na kitu. Kwa hizo sekunde dereva aone geti yako ya kwanza, aone ya pili, aone ya jirani, na aliye nyuma yake ameona indiketa inawaka kushoto lakini hajui ni geti gani kati ya hizo tatu. Ndio hapo mtu anakupiga nyuma.

Na huko kukata kulia unakokulilia sana, wacha nikuulize, ushawahi kungojea kukata kulia kutoka kwa petroli stesheni Mombasa Road kabla ijengwe upya? Wahandisi huhesabu gari ndogo inahitaji nafasi ya kama sekunde 7.5 kati ya gari zinazopita ndio itoke kukata kulia bila kumlazimisha mtu kushika breki. Tuseme barabara ina gari 1,200 kwa saa ukijumlisha pande zote mbili, hiyo ni wastani wa gari moja kila sekunde 3. Nafasi ya 7.5 itakuja, lakini itakuja mara moja moja. Mteja wako atangoja dakika ya kwanza, ya pili nyuma yake wanaanza honi, ya tatu anaruka tu na Mungu, na basi la spidi 80 kwa hizo sekunde 7.5 linakula mita 167. Yule wa kuingia naye, ametoka Mombasa anataka kukata kulia aje kwako, anasimama katikati ya barabara, nyuma yake kanta, nyuma ya kanta basi, na kama hakuna leni ya kungojea mji mzima umesimama juu ya mtu mmoja anataka maziwa.

Linganisha na kupita, kugeuza mbele na kurudi. Kama mahali pa kugeuzia pako mita 600 mbele, mteja ameongeza kilomita 1.2, na kwa mwendo wa 40 hiyo haifiki dakika 2. Kwa hivyo kitu cha kuwauliza ukienda ofisini ni mahali pa kugeuzia patakuwa wapi, pana upana gani, na kama lori la mzigo linaweza kuzunguka hapo bila kurudi nyuma mara tatu. Ikiwa ni mita 600 nyamaza ushukuru. Ikiwa ni kilomita 3 sasa hapo una kesi, andika barua, beba na majirani wote wasaini, kwa sababu pakiwa mbali sana watu hawaendi, wanapita kinyume kwa ukingo wa barabara, tunajua vile nduthi zetu ziko, na ile ajali mlikuwa mnaikimbia imerudi ikiwa mbaya zaidi.

Sasa nikuambie kitu ambacho ningekuambia hata kama ungepewa geti kumi. Ploti yako iko upande wa bahari. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo upande wako ni wa gari zinazotoka Kilifi kwenda Mombasa. Watu wengi wa huko wanaenda kazi Mombasa asubuhi na kurudi jioni. Maana yake wanapita mlangoni kwako asubuhi wakiwa wamechelewa na jioni wanapita upande ule mwingine wakiwa na njaa na orodha ya vitu vya kununua. Wewe umejiandalia supamaketi, ambayo ni biashara ya jioni, kwa upande wa asubuhi. Sisemi usijenge, kuna watu wa mtaa wenyewe na wageni wa ufukweni, hao watakuja tu. Nasema tu geti ya pili isingekuokoa kwa hilo, na pengine hayo maduka ya mbele ufikirie mtu wa mahamri na chai, chemisti, gereji ya kujaza upepo, vitu ambavyo mtu wa asubuhi anasimamia dakika tatu anaendelea.

Nije kwa ile njia kutoka lami mpaka kwa askari, mimi huiita shingo, na hapa naongea nikiwa nimeumia. Miaka kadhaa nyuma nilisaidia kuchora njia ya kuingia kwa jengo moja la maduka hapa Nairobi, silitaji, nikaacha kama mita 10 kati ya barabara na kile chuma cha kuinua. Wakati huo nilijiona nimeacha nafasi, gari mbili zinaenea. Baadaye ukaguzi ukawa kila mahali, askari na kile kioo cha kuchungulia chini ya gari, fungua buti, washa taa ya ndani, toa kadi. Sekunde 30 kwa kila gari, na hapo askari ana haraka. Fanya hesabu: sekunde 30 ni gari 120 kwa saa. Jumamosi wakija gari 150 kwa saa moja, 30 hazijahudumiwa, kila moja inakula mita 7 hivi ukiweka na ile nafasi ya katikati, hiyo ni foleni ya mita 210. Mimi niliacha 10. Zile 200 zilikaa barabarani, kwa leni ya watu ambao hata hawakuwa wanakuja kununua kitu, na kila nikipita hapo Jumamosi nilikuwa nafunga kioo.

Kwa hivyo mwambie akitekti hiyo bariya airudishe ndani, ndani sana, mita 25 ama 30 kama kina cha ploti kinaruhusu, na kwa hizo mita za kwanza asiweke maegesho ya kushoto na kulia, maana gari moja ikianza kurudi nyuma hapo imefunga mlango kwa wote. Duka la kwanza na parking yake vianze baada ya shingo kuisha. Jamaa wa mahesabu atalia kwamba unapoteza parking sita, mwache alie. Halafu ajiri askari wawili wa kukagua kwa leni mbili badala ya mmoja, kwa ile hesabu ya juu uwezo unapanda mpaka gari 240 kwa saa na foleni inaisha bila wewe kumwaga hata toroli moja ya zege. Na lori la supamaketi lipate mahali pa kuzunguka ndani liingie na kichwa litoke na kichwa. Lori likitoka kinyumenyume kuingia haiwei usiku, na taniboi amesimama katikati ya barabara akipunga tochi ya simu, hilo siwezi hata kulizungumzia vizuri.

Jirani. Najua kushea na jirani Kenya ni kujitafutia kesi, lakini hii inaweza kufanywa kiakili. Geti inakaa kwenye mpaka wenu, nusu kwako nusu kwake, ndani inagawanyika. Gharama ya kujenga mdomo wa barabara, kalvati, lami na alama mnagawana, na hizo huwa ni za mwenye ploti, usidhani serikali itakujengea. Usikubali maneno ya mdomo eti sisi ni kama ndugu. Sheria ya ardhi ya 2012 inaruhusu haki ya kupita iandikwe na kusajiliwa, ikae kwa taitoli zote mbili, ndio siku jirani akiuza, aliyenunua akute hiyo haki iko na hawezi kuamka kuweka mnyororo. Hapo ndipo pesa ya wakili inafaa iende. Tena mteja wa jirani akishaingia geti yenu si ni kutembea tu mpaka kwako.

Na kabla hata ya jirani, chukua ramani ya upimaji uangalie nyuma ya ploti. Ardhi ikigawanywa kwa kawaida kuna barabara ndogo huachwa, na mara nyingi mtu amepanda mihogo ama ameshasukuma ukuta juu yake. Kama iko, ifufueni. Wapangaji wa vyumba vya juu, tuktuk, mzigo wa asubuhi, wote wapitie nyuma, na mbele ibaki ya mteja wa kupita. Hiyo barabara ya nyuma ikishikanisha ploti kumi mnaweza kuwa na mtaa wenu ambao hauna haja ya kugusa haiwei kila mtu akiishiwa na chumvi. Ningekuwa na uwezo ningelazimisha kaunti zote za Pwani wazifungue hizo njia za nyuma kabla ya kupanua barabara kubwa hata kwa mita moja, lakini nani atanipigia kura.

Mambo madogo madogo, haraka. Dereva anayetoka kwako kushoto anaangalia kulia peke yake, so upande wa kulia pawe wazi kabisa: hakuna bogenvilia, hakuna bango la supamaketi, hakuna banda la mpesa. Gari ikija spidi 80 inahitaji kama mita 130 kusimama, ukihesabu sekunde 2.5 za dereva kushtuka halafu breki zenyewe. Ikiwa 50, ambayo ndiyo sheria ya trafiki inataka ndani ya mji, ni mita 65. Simama pale geti itakuwa, chuchumaa uwe urefu wa mtu aliyeketi kwa gari ndogo, na uangalie kama unaona huko kote. Stejini nayo ni muhimu, kama stejini iko tu hapo kulia kwa geti matatu zilizosimama zitakuwa ukuta mbele ya macho, na ikiwa karibu sana upande wa kushoto foleni ya matatu itakufungia mdomo, so ombeni iwe mbali kidogo na geti. Mtaro wa maji usijaze mchanga ukaweka paipu nyembamba ya bafuni, nimeona hiyo, weka kalvati ya maana na uwe unaizibua kabla ya mvua za Aprili, la sivyo maji ya mji mzima yatapanda lami mbele ya duka lako. Na taa. Barabara ya Pwani usiku kuna watu wanatembea na hakuna anayewaona.

Hapo kwa watu wa miguu ndipo mimi hukosana na wenzangu. Huu utaalamu wa kupanga mageti ya barabara kuu umetoka sana Marekani, Colorado ndio walitangulia kwa majimbo kuandika kanuni kamili mwaka wa 1981, na kule mteja ni gari. Ukiiwekea gari njia nzuri umemaliza. Huku kwetu mteja ameshuka matatu. Jioni anashuka upande ule mwingine wa barabara, akiwa na mtoto na mfuko, na duka liko huku. Tukiweka ukuta wa katikati ili gari zisikate kulia, ni sawa na nimekutetea hapa ukurasa mzima, lakini tukisahau kivuko tumemwambia huyo mama aruke ukuta. Na ataruka. Thika Road ilikuwa na leni zote hizo na bado watu walipita chini ya daraja la miguu badala ya juu, si ati ni wajinga, ni kwa sababu ngazi ni ndefu, kuna wezi juu, na stejini iko pale pale chini. Kivuko kinafaa kiwe pale watu tayari wanavukia, si pale ambapo kilipendeza kwa mchoro. Hilo ndilo wewe kama mfanyabiashara una nguvu ya kulidai, kwa sababu wateja wako wengi, na namaanisha wengi kuliko wa gari, watakuja na hiyo njia.

So fanya hivi. Shuka Mtwapa siku ya kawaida na Jumamosi moja, mwisho wa mwezi ikiwezekana, tafuta vijana wawili na daftari, wakae kwa ploti saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku. Mmoja ahesabu gari kila dakika 15, mwingine ahesabu watu wanaovuka na aweke alama kwa mchoro ni wapi hasa wanavukia. Asubuhi warudie. Hiyo karatasi mpe injinia aliyesajiliwa na bodi aandike ripoti ya trafiki, itakuwa nyepesi na bei nafuu kwa sababu data unayo. Ukirudi ofisini usirudi ukisema taitoli ni yangu, rudi ukisema geti moja nimekubali, hii hapa barua ya jirani, shingo ni mita 25, naomba kujua mahali pa kugeuzia, na watu 400 kama ni 400 wanavuka hapa mbele yangu kila jioni, kivuko kiko wapi kwa mchoro wenu. Huwa wanakaa chini kukusikiliza, nimeona.

Na ile geti ya pili ya akitekti asiifute. Aitoe magurudumu tu, iwe mlango wa watu, upana wa mita 3, ukiangalia stejini, na njia iliyowekwa kabro na kivuli cha mwarobaini, mama aingie na mfuko wake bila kupishana na gari hata moja.